Namba Mbili kwenye Mlango B

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Inspekta Zlatina Paskova alikuwa amesimama mbele ya mlango B wa maghorofa ya reli, mjini Lom, akibandua karatasi kwa ukucha. Ukungu wa mto Danube ulikuwa umelowanisha kila kitu, kwa hiyo karatasi ilitoka bila ubishi. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine iliyofanana nayo: picha ileile ya msichana mwenye suka mbili, maneno yaleyale, TUMSAIDIE RALITSA, MIAKA 11, ANAHITAJI INI, na jina lilelile la mama yake, Kalina Marinkova. Kilichotofautiana ni mstari mmoja tu wa chini, ule wa namba ya akaunti.

"Nilikwambia au sikukwambia?" ilisema sauti nyuma yake.

"Uliniambia, mzee. Tangu jana umeniambia mara nne."

"Basi hii ya tano."

Mzee Tsvetko Rangelov ndiye aliyekuwa msimamizi wa mlango B. Alikusanya pesa za usafi wa ngazi, alibadilisha balbu, na alijua nani anadaiwa na nani amelewa. Kabla ya hapo alikuwa mwongoza treni miaka thelathini na nne, na bado alivaa kofia ya reli, ingawa nembo yake ilikuwa imeng'oka. Ni yeye aliyegundua namba mbili na kwenda kituoni kutoa taarifa.

"Watu wanasoma jina," alisema. "Wanasema ah, ni Kalina wetu, wanapiga picha na simu, wanatuma. Namba nani anaisoma? Mimi. Treni haijui abiria anataka kwenda wapi, Afande. Inafuata reli iliyowekewa."

"Benki nayo ni hivyohivyo."

"Kwamba hata jina hawaliangalii?"

"Ukitaka andika jina la askofu. Mashine inasoma namba peke yake, na pesa inakwenda inakoelekezwa na namba."

Mzee Tsvetko alisonya. Yeye mwenyewe alikuwa ametuma leva hamsini wiki iliyopita, na Paskova alijua kwamba nusu ya hasira yake ilitoka hapo.

Inspekta aliziweka karatasi mbili bega kwa bega juu ya sanduku la barua. Namba zote zilianza na herufi mbili za Bulgaria na tarakimu mbili za ukaguzi, na hizo hazikumsaidia kitu. Kazi ilianza kwenye herufi nne zinazofuata, kwa sababu herufi hizo ndizo jina la benki. Karatasi ya chini, ya zamani, ilikuwa ya benki ya barabara kuu, ile yenye mlango wa kijani. Karatasi ya juu, mpya, ilikuwa ya benki nyingine kabisa, ya karibu na bandari. Baada ya herufi zilikuja tarakimu nne za tawi. Paskova alipiga simu palepale makao makuu ya polisi kuziulizia, akaambiwa: tawi la Montana.

"Montana," alimwambia mzee. "Kilomita hamsini kutoka hapa."

"Wa Montana wote wezi," alisema Mzee Tsvetko, ambaye mke wake alikuwa wa Montana.

Paskova aligeuka tena kuutazama mlango. Ulikuwa umejaa matangazo ya misiba kama mlango mwingine wowote wa Lom: siku arobaini, miezi sita, mwaka, miaka mitatu, kila marehemu na picha yake. Hakuna mtu anayeyabandua. Kazi hiyo huachiwa mvua. Mengi yalikuwa yamegongwa pini. Mawili tu katika mlango mzima yalikuwa yamebandikwa kwa utepe mpana wa kahawia, tena utepe uliokatwa kwa meno: ile karatasi mpya ya Ralitsa, na tangazo la mzee mmoja mwenye bereti, Vasil Gerdzhikov, MIEZI SITA BILA WEWE. Aliandika hilo kwenye daftari lake. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, na mara nyingi tabia hiyo ilimlipa.

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Kalina Marinkova alikuwa akishuka na mfuko wa taka, mwanamke wa miaka arobaini aliyekonda shingo, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia. Alipoziona karatasi mbili juu ya sanduku alisimama.

"Bi Marinkova, namba ipi kati ya hizi ni yako?"

Kalina aligusa ile ya zamani. "Hii."

"Na hii mpya?"

"Afande, nakuomba. Usijisumbue na hayo leo."

"Nisijisumbue vipi? Mtu anakusanya pesa za ini la mwanao."

"Kesho saa sita mchana kliniki ya Ankara inataka leva elfu arobaini ziwe kwao. Zisipofika, nafasi anapewa mtoto mwingine, wa Skopje. Walishaniongezea wiki moja, na wiki hiyo inaisha kesho." Aliongea polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ini lipo. Ni langu, nampa kipande. Madaktari wamenipima mpaka kucha. Kinachosubiriwa ni pesa tu. Hebu niache mpaka kesho saa sita, halafu uniulize chochote, nitakujibu."

"Unamjua aliyebandika hii?"

"Mtoto ananiita," alisema Kalina, ingawa hakuna aliyemsikia mtoto, akapanda ngazi na mfuko wake wa taka mkononi.

"Aibu hiyo," alisema Mzee Tsvetko. "Ameibiwa na anaona aibu."

Paskova hakukubali. Aibu ya kuibiwa alikuwa ameiona mara nyingi, na haikuwa na sura ile. Sura ile ilikuwa ya mtu anayemficha mtu. Kwa hesabu yake, Kalina alimjua mwizi na alimwogopa au alimpenda. Aliyaandika hayo pia, akaenda mahakamani kumtafuta hakimu wa zamu kabla hajaanza kesi zake, kwa sababu benki haitoi jina la mwenye akaunti bila saini ya hakimu.

Hakimu alikuwa na mjukuu wa miaka kumi na mmoja. Alisaini akiwa amesimama.

* * *

Saa nne na dakika kumi Paskova aliiweka amri ya mahakama mbele ya Evdokia Lazova, kwenye dirisha la tatu la benki ya bandarini. Lazova alikuwa amekaa nyuma ya dirisha hilo tangu enzi za madaftari ya karatasi. Pembeni ya kompyuta yake palikuwa na kipande cha banitsa, andazi la jibini, kwenye karatasi yenye mafuta.

"Hizi herufi nne ni sisi," alisema, kidole kikitembea juu ya namba. "Na hizi nne ni Montana."

"Hilo najua. Nimeshawaomba polisi wa Montana waanze kuuliza."

"Waambie wakanywe kahawa. Tawi hilo limekufa miaka kumi na moja iliyopita. Wateja wake tuligawiwa, wa huku Lom wakaletwa kwangu, na namba zao wakabaki nazo. Namba haihami mtu akihama, dada. Hata wewe kitambulisho chako si bado kimeandikwa ulikozaliwa?"

Paskova alifuta neno Montana kwenye daftari. Lakini hapohapo alipata kitu kingine badala yake, na alikipenda zaidi. Akaunti za wizi alizozoea kuziona zilikuwa changa, zimefunguliwa wiki mbili zilizopita kwa jina la mlevi fulani aliyelipwa chupa. Hii ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi na moja. Haikufunguliwa kwa ajili ya wizi. Mtu alikuwa ameikuta ipo.

"Jina," alisema.

Lazova alisoma amri ya hakimu mpaka muhuri, akageuza macho kwenye skrini. "Gerdzhikov, Vasil Tsankov. Wa mwaka arobaini na mbili. Pensheni inaingia kila tarehe saba. Kadi inafanya kazi. Juzi saa kumi jioni imetoa leva themanini, mashine ya sokoni."

"Na michango?"

"Inaingia tangu wiki tatu zilizopita. Tano, kumi, ishirini, kuna mtu ametoa mia nane. Jumla elfu thelathini na saba na mia moja."

"Zimetoka ngapi?"

"Za michango? Hata moja. Mwenye kadi anachukua kiasi cha pensheni tu, hazidishi."

Hapo ndipo Inspekta Paskova alipopaswa kufunga mdomo na kufikiri. Mwizi aliyekaa wiki tatu juu ya elfu thelathini na saba bila kuonja hata leva ni mwizi wa ajabu, na kitu cha ajabu katika upelelezi hustahili dakika tano za kimya. Lakini picha ya mzee mwenye bereti ilikuwa imeshamrukia kichwani, pamoja na utepe wa kahawia uliokatwa kwa meno. Mambo mawili yalikuwa yameungana mbele ya mtu wa kusikia, na yeye alikuwa binadamu, alitaka kusikiwa.

"Basi mzee Vasil ametoka kaburini kununua mkate," alisema. "Nimesoma tangazo lake leo asubuhi. Miezi sita."

Lazova aliacha kutafuna. "Rudia."

"Amekufa mwezi wa tano. Yuko kwenye mlango wa maghorofa ya reli. Na aliyebandika tangazo lake ndiye aliyebandika namba ya wizi, kwa utepe uleule. Tafuta jamaa yake, umempata mwenye kadi."

Lazova hakuwa akisikiliza tena habari za utepe. Alikuwa amefungua daftari la raia kwenye skrini nyingine na kuandika namba ya kitambulisho. "Tarehe kumi na tisa Mei," alisema. "Hakuna aliyetuletea cheti." Alibonyeza kitu, akabonyeza tena, mashine yake ikatoa karatasi.

"Umefanya nini?"

"Nimeifunga. Mteja akifa, kadi yake inakoma na ruhusa zote alizotoa zinakoma. Pesa inasubiri warithi. Nikishajua, nisipoifunga napoteza kazi, na sasa najua. Saini hapa, kwamba taarifa umeitoa wewe."

Paskova alisaini. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Kwa hiyo mwenye kadi hawezi kuchukua tena?"

"Hata stotinka moja."

"Safi sana," alisema Paskova, na alimaanisha. Alipotoka alinunua kahawa kwenye mashine ya barabarani na kuinywa akitembea. Kesi nyingi za aina hii zilimfikia wakati akaunti imeshakuwa tupu. Mara hii aliiwahi, tena kwa macho yake na daftari lake. Pesa zilikuwa salama.

* * *

Mzee Tsvetko alikuwa akifagia mbele ya mlango B ambapo hapakuwa na cha kufagia.

"Mzee, huyu Vasil Gerdzhikov aliishi namba ngapi?"

"Baba Vasil? Mwanzo kule kwenye kituo kidogo cha reli njia ya Montana, alikuwa fundi. Baada ya mke kufariki akahamia hapa. Namba kumi na nne."

"Sasa namba kumi na nne anakaa nani?"

Mzee Tsvetko alimtazama kama anayeulizwa Danube iko wapi. "Kalina. Si ni baba yake? Marinkov ni jina la mume, yule aliyekwenda Uhispania kuchuma stroberi, hakurudi."

Paskova alisimama palepale. Kahawa ilikuwa bado mkononi, na kwa muda aliitafutia mahali pa kuiweka.

"Tangazo la miezi sita alilibandika nani?"

"Yeye mwenyewe. Jumapili moja asubuhi, mapema. Nilimpa mimi huo utepe. Mkasi hatukuuona." Halafu akili ya mwongoza treni ikafika ilikokuwa ikienda, na uso wake ukabadilika. "Afande. Umeshafanya nini huko benki?"

Paskova alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila kupumzika.

Kalina alifungua kabla hajabisha mara ya pili. Jikoni palikuwa na meza, viti viwili, sanduku la safari lililofungwa tayari, na simu iliyolazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha meza. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo.

"Nusu saa iliyopita kadi imekataa sokoni," alisema Kalina kwa sauti ya chini. "Nikajua ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wewe ni polisi. Ningekwambia baba amekufa na mimi nachukua pensheni yake miezi sita?"

"Namba ya kwanza ilikuwa yako. Kwa nini uliibadilisha?"

Kalina aliketi. "Kaka yangu alichukua mkopo, nikamdhamini. Akaenda Amerika, mkopo ukabaki kwangu, ukaenda kwa dalali wa mahakama. Nilidhani amenisahau, kwenye akaunti yangu hapakuwa na kitu cha kukamata. Wiki ya kwanza ya michango ziliingia leva elfu nne na mia mbili. Dalali alizichukua zote asubuhi moja. Pesa za watu, pesa za mtoto, na ni halali, nimeuliza. Akaunti ya mtoto nayo, huwezi kutoa pesa bila mahakama. Na jina la jirani kwenye karatasi ya mwanangu, watu wangesema nini? Kadi ya baba ilikuwa kwenye droo. Namba ya siri naijua, programu yake iko kwenye simu hii. Nikasema, jina libaki langu, namba iwe yake. Benki haisomi jina."

"Haisomi," alisema Paskova.

"Leo saa sita zinaingia za shule, za lile soko walilofanya walimu. Zikiingia zinatimia, nazituma Ankara kwa mkupuo, kwa sababu hawapokei vipande vipande. Zilibaki saa mbili tu, Afande. Nilikuomba."

Paskova alitoa simu yake na kumpigia Lazova. Hakutoka nje, aliona ni haki Kalina asikie.

"Evdokia, nilikosea. Ni Vasil mwingine."

"Usinifanyie hivyo," ilisema sauti ya Lazova. "Si nimeona mwenyewe kwenye daftari la raia? Taarifa imeshakwenda makao makuu, na kwenye pensheni pia. Ina saini yako."

"Warithi wakija leo?"

"Waje na cheti cha warithi, wote, wasaini wote. Wako wangapi?"

Paskova alimtazama Kalina. Kalina aliinua vidole viwili.

"Wawili."

"Wa pili yuko wapi?"

"Chicago," alisema Kalina kwa sauti ya kutosha kufika kwenye simu. "Anaendesha lori. Miaka sita sina namba yake. Ndiye huyohuyo wa mkopo."

"Bila yeye ni mahakama," alisema Lazova. "Miezi minne, mitano. Pole sana. Mwambie pole." Akakata.

Paskova alimpigia hakimu wa zamu. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba amri yake ilifungua siri ya benki na haikuwa na nguvu ya kufungua mirathi, na kwamba angetamani sana iwe vinginevyo. Paskova akapiga simu kliniki, kwa Kirusi chake kibovu, na mwanamke mmoja mwenye upole mwingi akamwambia kwamba muda hauongezwi tena, familia ya Skopje imeshapanda basi kuja kusubiri. Aliwaza akiba yake mwenyewe: elfu mbili na ushee. Aliwaza nani katika Lom anaweza kutoa elfu thelathini na nane kabla ya kesho mchana, na kila jina lililomjia lilikuwa limeshatoa, tano, kumi, ishirini.

"Itabidi niandike maelezo yako," alisema mwishowe. "Kuhusu pensheni. Si leo. Lakini itabidi."

"Andika," alisema Kalina. "Ulikuwa unafanya kazi yako. Hata mimi ningefanya hivyo." Hapakuwa na kejeli katika sauti yake, na Paskova angeshukuru kama ingekuwapo.

Saa sita kamili simu iliyolala kifudifudi ilitoa mlio. Kalina aliigeuza. Paskova aliona maandishi kutoka upande wa pili wa meza: leva elfu tatu na mia moja na hamsini, kutoka shule ya msingi, salio elfu arobaini na mia mbili na hamsini. Akaunti iliyofungwa haitoi, lakini kupokea inapokea.

"Mama?" Sauti ilitoka chumba cha ndani, nyembamba, ya mtu anayeongea akiwa amelala. "Ni za shule hizo?"

"Ni za shule."

"Zimetimia?"

"Zimetimia," alisema Kalina.

"Basi kesho tunaondoka?"

Kalina alifunga macho. Alipoyafungua alimtazama Inspekta Paskova, akausukuma mlango wa chumba kwa mguu mpaka ukafunguka wote, na msichana mwenye suka mbili akaonekana juu ya mto, macho yake ya manjano yakisubiri.

"Mjibu wewe," alisema Kalina.